Tai Fupi na Fundo Linalolegea: Jibu kwa Mpambe wa Harusi

"Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa miaka 28, ninafanya kazi Mbeya mjini. Ni mrefu na nina shingo nene. Mwezi wa saba nitakuwa mpambe wa kaka yangu huko Njombe, na ibada ni ya asubuhi. Nina suti ya buluu iliyokolea na shati jeupe. Nina tai tatu: nyekundu ya poliesta inayong'aa, iliyouzwa pamoja na leso yake, nyeusi nyembamba, na moja pana ya mistari, ya hariri, aliyoniachia marehemu baba. Nimefundishwa kufunga fundo kubwa la pembetatu, na wenzangu kazini wanasema hilo ndilo la heshima, mengine ni ya watoto wa shule. Lakini nikilifunga, tai inaishia juu ya kitovu. Ikifika saa sita mchana fundo limeshalegea na kola imepinda. Na nikilikaza, kichwa kinaniuma. Kamati ya harusi nayo inataka tai na leso vifanane. Nivae ipi, na niifungeje ikae mpaka jioni?"

Marahaba, ndugu yangu, na hongera kwa nafasi uliyopewa na kaka yako. Umeuliza mambo kadhaa kwa mpigo, lakini ukiyasoma tena utaona kwamba karibu yote yanatokana na jambo moja: umelichagua fundo kwanza, kisha ukatarajia shingo, kola, suruali na koti vilifuate. Sisi tunaoshona suti huenda kinyume cha hapo. Shingo hupimwa kwanza, kola ikatafutwa kulingana na shingo, fundo likachaguliwa kulingana na kola, na tai ikachaguliwa mwisho kulingana na fundo na koti. Nitakujibu kwa mpangilio huo, na nakuomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujaenda kununua tai ya nne.

Kwanza niliondoe hilo la heshima, kwa sababu ndilo lililokupotosha. Fundo kubwa la pembetatu unalofunga hujulikana kwa jina la Windsor, na jina hilo limetokana na Edward wa Nane, mfalme wa Uingereza aliyejiuzulu mwaka 1936 na kupewa cheo cha Duke of Windsor. Yeye mwenyewe hakuwa akilifunga. Tai zake zilishonwa na kitambaa kinene cha ndani, naye akazifunga kwa fundo la kawaida kabisa, lile ambalo wenzako wanaliita la watoto wa shule. Unene ulitoka kwenye tai. Watu waliotaka kufanana naye kwa tai zao nyembamba ndio waliolazimika kuongeza mizunguko. Mwaka 1999 wanafizikia wawili wa Cambridge, Thomas Fink na Yong Mao, walikokotoa njia 85 za kufunga tai ya kawaida, na katika hizo zote hakuna iliyo ya heshima kuliko nyingine kwa asili yake. Lenye heshima ni fundo linalojaza nafasi kati ya ncha mbili za kola bila kuzisukuma, likakaa juu ya kifungo cha kwanza bila kuacha upenyo, na likabaki hapo.

Sasa tuje shingoni. Chukua futi ya fundi, uizungushe shingoni chini kidogo ya kikoromeo, ukiwa umesimama wima na unapumua kawaida, bila kuibana. Kipimo hicho ukiongeze sentimita 1 au 1 na nusu, nacho ndicho kipimo cha kola yako ikiwa imefungwa. Mashati mengi, yawe ya dukani au ya mtumba, huandikwa kipimo cha kola upande wa ndani wa shingo, mara nyingi kwa inchi: 15 na nusu ni takriban sentimita 39, 16 ni takriban 41, na 17 ni takriban 43. Ukikuta shati lako ni la 15 na nusu na shingo yako ni ya 17, hujapata tatizo la tai kabisa. Umepata tatizo la shati. Usisahau pia kwamba pamba hupungua ikifuliwa, hasa kwa maji ya moto, kwa hiyo kola iliyokutosha siku ya kununua inaweza kuwa imekwishakuwa ndogo. Jaribio la mwisho ni rahisi: funga kifungo cha juu, kisha upitishe vidole viwili kati ya kola na ngozi. Vikipita bila kulazimishwa, kola inakufaa. Visipopita, hakuna fundo litakalokuokoa.

Kichwa kukuuma ni jambo ninalolichukulia kwa uzito. Mishipa inayorudisha damu kutoka kichwani hupita pande mbili za shingo, karibu na ngozi, na kuta zake ni laini, ndiyo maana hubanwa kwa urahisi kuliko ile inayopandisha damu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 nchini Ujerumani uliwafungisha wanaume fundo la Windsor na kulikaza mpaka wakahisi usumbufu kidogo, na vipimo vikaonyesha mtiririko wa damu kwenye ubongo umepungua kwa asilimia 7.5. Kwa mtu mzima mwenye afya njema hilo si la kutisha, na tai iliyofungwa juu ya kola inayotosha haina sababu ya kukaba. Hata hivyo linatuambia kwamba kukaza tai ili isilegee ni dawa mbaya. Mtu mwenye presha ya macho anapaswa kuwa mwangalifu zaidi, kwa kuwa tai inayobana inaweza kuongeza mgandamizo ndani ya jicho.

Kuna jambo jingine ambalo fundi wa nguo hawezi kukutatulia, na ni lazima nilitaje kwa sababu ya huku tunakoishi. Nyanda za Juu Kusini kwa miaka mingi zilikuwa miongoni mwa sehemu zenye rovu nyingi nchini, kwa sababu udongo wa milimani una upungufu wa madini joto, na ingawa chumvi yenye madini hayo imesaidia sana, ugonjwa haujatoweka. Ikiwa kola zako zilikutosha mwaka jana na sasa zote zinabana ilhali mwili haujaongezeka, au ukimeza mate mbele ya kioo unaona uvimbe unapanda na kushuka chini ya kikoromeo, usiendelee kutafuta shati kubwa zaidi. Nenda hospitali ukachunguzwe. Vivyo hivyo kama kichwa kinaendelea kukuuma hata baada ya kuvaa kola inayokutosha, kapimwe shinikizo la damu na usiilaumu tai.

Tuseme shingo yako ni nene kwa maumbile tu, kama wanaume wengi wenye mabega mapana. Una njia tatu. Ya kwanza ni kumpa fundi asogeze kifungo cha juu kwa nusu sentimita, jambo linalofanyika dakika chache na halionekani, kwa sababu fundo la tai litafunika mahali hapo. Usimruhusu asogeze zaidi ya sentimita 1, maana kola itaanza kukaa upande na ncha zake hazitalingana. Ya pili ni kushonewa kola mpya, na fundi mzuri hukata kitambaa chake kwenye pindo la chini la shati, lile linaloingia ndani ya suruali, ili rangi ifanane. Ya tatu ni kushonewa shati jipya kwa kipimo chako, na kwa siku utakayosimama mbele ya kanisa kutwa nzima, hiyo ndiyo ninayokushauri. Ukishonesha, omba kola iliyo na mfuko mdogo kwa ndani wa kutia vijiti vya plastiki kwenye ncha zake. Kola yako inapinda kufikia saa sita kwa sababu mbili zinazosaidiana: fundo kubwa linazisukuma ncha kwenda juu, na ndani yake hakuna kitu cha kuzinyoosha.

Uwazi kati ya ncha za kola ndio unaoamua ukubwa wa fundo. Kola ambayo ncha zake zinaelekea chini na kukaribiana inataka fundo la kawaida, jembamba. Kola iliyofunguka kuelekea mabegani inaweza kubeba Windsor, au lile la katikati linaloitwa nusu Windsor. Wewe mwenye shingo nene utapendeza zaidi na kola iliyofunguka kiasi, kwa kuwa kola nyembamba huifanya shingo ionekane imejazwa ndani ya shati. Kwa hiyo wenzako hawakukosea kwamba mtu mwenye umbo lako asivae fundo dogo mno. Walikosea kudhani kwamba ukubwa huo hupatikana kwa mizunguko peke yake.

Hapo ndipo tunafika kwenye ufupi. Tai nyingi zinazouzwa zina urefu wa kati ya sentimita 145 na 150, toka ncha hadi ncha, nazo zilikadiriwa kwa mwanaume wa kimo cha wastani. Shingo yenye mzingo wa sentimita 44 inatumia sentimita 5 zaidi kuliko shingo ya 39, kabla hujaanza hata kufunga. Halafu Windsor huzungusha upande mpana mara nyingi kuliko fundo la kawaida, na kila mzunguko unakula kitambaa. Jumlisha na kifua kirefu, utaelewa kwa nini ncha inaishia juu ya kitovu. Inatakiwa iguse chuma cha mkanda, au ipite juu yake kwa upana wa kidole. Lakini kabla ya kuilaumu tai, itazame suruali. Vijana wengi siku hizi huvaa suruali ya suti chini ya kiuno, mahali wanapovalia jinzi, na tai yoyote ile itaonekana fupi kwa sababu mkanda umeikimbia. Suruali ya suti hukatwa ikae kiunoni, karibu na kitovu. Ipandishe mahali pake, mwombe fundi aifupishe au airefushe miguu ikibidi, na huenda ukapata sentimita 4 au 5 bila kuigusa tai.

Ukitoka Windsor ukaingia fundo la kawaida, utapata sentimita nyingine kadhaa. Lifunge hivi, ukiwa mbele ya kioo, kola ikiwa imeinuliwa na kifungo cha juu kimefungwa. Weka upande mpana kuliani kwako, ushuke chini ya upande mwembamba kwa takriban sentimita 30. Pitisha upande mpana juu ya mwembamba kwenda kushoto, uurudishe kwa nyuma kwenda kulia, kisha uupitishe tena kwa mbele kwenda kushoto. Sasa uingize toka chini, katikati, upite kati ya tai na kola, utokee juu, halafu uushushe ndani ya kitanzi cha mbele ulichokitengeneza sasa hivi. Kabla ya kukaza, weka kidole cha shahada katikati ya upande mpana, chini kidogo ya fundo, ubonyeze pande zake kwa kidole gumba na kidole cha kati ili kitambaa kijikunje na kufanya kishimo, kisha vuta taratibu huku kishimo kikiwa kimeshikwa. Shikilia upande mwembamba na pandisha fundo mpaka lifunike kifungo. Fundo hili litainama kidogo upande mmoja, nalo liache hivyo, kwa sababu ndivyo lilivyo. Upande mwembamba ukibaki mfupi usifike kwenye kitanzi cha nyuma ya tai, si kosa. Hakuna atakayeuona, na kibanio cha tai kitaushika pamoja na shati, kikiwekwa kati ya kifungo cha tatu na cha nne.

Watu hudhani kishimo kile ni urembo tu. Kazi yake kubwa ni kushika. Kitambaa kilichokunjwa ndani ya fundo kinajibana chenyewe kwa eneo kubwa zaidi, na msuguano huo ndio unaozuia fundo kuteleza. Tai yako nyekundu inalegea kwa sababu msuguano huo haipati. Poliesta ni uzi laini usio na vinyweleo, na mng'ao ule wa satini unatokana na namna ilivyofumwa: nyuzi za upande mmoja hulala juu ya nyingine kwa umbali mrefu kabla ya kuzama tena, hivyo uso unakuwa mtelezo, na mwanga unaopiga juu yake unarudi wote kwa upande mmoja. Sababu hiyohiyo itakusumbua mbele ya mpiga picha. Taa ya kamera ikiipiga satini, picha itatoka na doa jeupe kifuani. Kwa upande wa video, tai yenye mistari myembamba sana iliyosogeana husababisha mawimbi ya rangi yanayochezacheza, na hilo nalo liepuke.

Hebu sasa tuzitazame tai zako tatu. Nyeusi nyembamba iache nyumbani. Upana wa tai, pale inapopanuka zaidi, unatakiwa ukaribiane na upana wa kola ya koti, ile sehemu inayokunjwa kifuani. Suti nyingi zina sentimita 8 au 9 hapo. Tai ya sentimita 5 kwenye kifua chako itakufanya uonekane mpana kuliko ulivyo, na weusi mtupu watu wengi huuhusisha na msiba. Nyekundu ya kung'aa nimeshaieleza. Siipendekezi, ingawa nitarudi kwayo nikizungumzia kamati.

Tai ya marehemu baba ndiyo inayonigusa, na ndiyo ambayo ningetamani uvae ikiwa hali yake inaruhusu. Ikague mchana, penye mwanga wa jua. Tazama mahali fundo lilipokuwa likikaa miaka yote, na kingo zake mbili kuanzia juu hadi chini: hariri ya zamani hukatika nyuzi kwenye mikunjo kwanza. Tafuta vitundu vya nondo, ambao hula hariri na sufu, na kitambaa cha ndani cha tai nzuri mara nyingi ni sufu. Geuza nyuma utafute uzi mmoja mrefu unaoning'inia kama kitanzi karibu na ncha. Usiukate, kwa kuwa huo ndio uzi uliounganisha mshono wote wa nyuma kwa mkono, na umeachwa mrefu ili tai iweze kunyooka ukiivuta na kurudi ukiiacha. Mwisho, shika upande mwembamba uiache tai ining'inie. Ikitulia imenyooka, ilikatwa sawasawa. Ikijisokota, ilikatwa vibaya au kitambaa cha ndani kimevutika.

Kukatwa sawasawa maana yake ni kukatwa mshazari, si kufuata uzi wa kitambaa. Mtindo huo, pamoja na kuiunganisha tai kwa vipande vitatu, ulianzishwa miaka ya 1920 na Jesse Langsdorf, mshonaji wa New York, na tai nzuri zinashonwa hivyo mpaka leo. Kitambaa kilichokatwa mshazari kina mnyumbuko. Kinakunjwa ndani ya fundo bila kupasuka, na ukikifungua kinarudi umbo lake. Ndiyo maana tai ya hariri ya miaka mingi inaweza kukaa vizuri kuliko mpya ya bei rahisi iliyokatwa ovyo ili kuokoa kitambaa.

Kuhusu upana wake, pima. Ikiwa ni sentimita 9 au 10 na kola ya koti lako ni 8 na nusu au 9, ivae kama ilivyo bila wasiwasi wowote. Ikiwa ni 11 au zaidi, kama zilivyokuwa tai nyingi za miaka ya 1970, inaweza kupunguzwa, lakini hapa nakuomba uwe mwangalifu kuliko mahali pengine popote. Kazi hiyo ni ya kufumua mshono wa nyuma, kukipunguza kitambaa cha ndani kwa kufuata mshazari, kukunja upya na kushona kwa mkono. Fundi atakayekwambia ataipitisha kwenye cherehani mara moja, mshukuru na uondoke na tai yako. Ukikosa wa kumwamini, ibaki pana. Tai pana kidogo ya baba yako ina staha kuliko tai iliyoharibiwa.

Mistari yake haina tatizo kwa harusi. Inasaidia kujua tu kwamba huko Uingereza mistari ya mshazari ilianza kama alama za vikosi vya jeshi, shule na klabu, ikishuka toka bega la kushoto la mvaaji kwenda kulia, na kwamba mwaka 1902 kampuni ya Brooks Brothers ya Marekani ikaigeuza upande. Huku kwetu hakuna atakayekuuliza kikosi chako. Ushauri wangu ni kuepuka zile zenye nembo iliyofumwa, za shule au klabu usizozijua, ambazo hupatikana kwa wingi kwenye mitumba.

Na ikiwa tai ya baba haivaliki, nenda soko la Mwanjelwa hapo Mbeya asubuhi, siku ya kazi, usiwe na haraka. Kwenye marundo ya mitumba kuna tai za hariri na za sufu ambazo watu wanazipita kwa sababu haziwaki kwa mbali. Soma kibandiko cha nyuma. Cha Kifaransa kitasema soie, cha Kiitaliano seta, cha Kijerumani Seide, na zote hizo ni hariri. Kibandiko kikikosekana, ukishanunua unaweza kuchomoa uzi mmoja kwa ndani ukauchoma mbali na nguo: hariri na sufu hunuka kama unywele ulioungua na majivu yake husagika kwa vidole, ilhali poliesta huyeyuka na kuganda kuwa kipunje kigumu. Kwa siku yako ningetafuta hasa tai ya sufu. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na wewe unajua asubuhi ya mwezi wa saba ilivyo kule. Tai ya sufu inaendana na baridi hiyo na makoti mazito ya wageni, haing'ai, inazaa fundo nene hata kwa mzunguko wa kawaida, na vinyweleo vyake huishika mpaka usiku. Unapata ukubwa wa fundo unaoutaka bila kupoteza urefu, sawasawa na alivyofanya yule Duke of Windsor.

Kama baridi inakutia shaka, shonesha pia kizibao, cha kitambaa cha suti kikipatikana au cha kijivu. Ncha ya tai itajificha ndani yake, na habari ya ufupi itakuwa imekwisha hapo hapo. Ukivaa kizibao, kibanio hakihitajiki.

Kwa rangi sitakuchosha. Suti ya buluu iliyokolea na shati jeupe vinapokea karibu rangi yoyote iliyotulia, mradi rangi ya tai iwe imekolea kuliko ya shati: damu ya mzee, kijani cha majani ya chai, kahawia, au buluu nyingine yenye vidoti. Leso ya mfukoni haitakiwi ikatwe kwenye kitambaa kilekile cha tai. Seti zile za dukani hufanya tai na leso zipige kelele moja, na jicho la mtazamaji halina pa kupumzika. Leso nyeupe ya pamba, iliyokunjwa mstari mmoja ulionyooka, inatosha kwa suti yoyote.

Hata hivyo kamati ina haki yake, na hapa sitaki ushauri wangu ukuletee ugomvi. Harusi ni ya maharusi. Ikiwa kaka yako na mchumba wake wameshachagua rangi na wapambe wote wanavaa sare, vaa sare, hata ikiwa ni nyekundu ya kung'aa, na tumia niliyokufundisha kuhusu kishimo na kibanio ili ikae. Lakini mara nyingi kamati huamua rangi, haiamui kitambaa. Zungumza na kaka yako mapema, kwa upole, umuulize kama unaweza kuvaa rangi waliyoichagua katika kitambaa kisichong'aa, au kuweka rangi hiyo kwenye leso na kuacha tai iwe ya rangi hiyohiyo iliyokolea zaidi. Usilipeleke kwenye kikao cha kamati mbele ya watu. Vilevile, kama maharusi wangekuwa tayari kwa Kaunda suti iliyoshonwa vizuri, mavazi hayo ni rasmi kamili na hayahitaji tai. Linafaa kuulizwa tu ikiwa hakuna kilichonunuliwa bado.

Safari ya kutoka Mbeya hadi Njombe usiifanye ukiwa umevaa tai, wala usiibebe ikiwa imefungwa fundo. Anza kuikunja toka upande mwembamba, uiviringe bila kuibana, uitie ndani ya kiatu safi kilichowekewa soksi. Ukifika itundike usiku kucha. Isiguswe na pasi, hasa ya mkaa, kwa kuwa kingo za tai zimeachwa mviringo kwa makusudi na pasi huzilaza zisirudi tena. Mikunjo itoe kwa kuitundika karibu na mvuke wa maji yanayochemka. Ikidondokewa na mchuzi kwenye sherehe, gandamiza kitambaa kikavu bila kusugua, na usiipake maji ikiwa ni hariri, kwa sababu maji yakikauka husukuma uchafu pembeni na kuacha alama ya duara mbaya kuliko doa lenyewe. Doa la mafuta linyunyizie poda, uiache mpaka asubuhi, kisha uikung'ute. Baada ya sherehe fungua fundo kwa kurudi nyuma hatua kwa hatua. Ukivuta upande mwembamba utoke kwa nguvu, unakata uzi ule wa nyuma niliokuonya.

Kwa fundi nenda mapema, kwa kuwa mwezi wa sita na wa saba, baada ya mavuno, harusi za huku ni nyingi na meza za mafundi hujaa. Chukua suti yote, shati utakalolivaa, mkanda, na tai ya baba hata kama umeshakata shauri kuwa haivaliki. Vaa vyote mbele yake, suruali ikiwa mahali pake kiunoni, umfungie fundo la kawaida aone, kisha mwombe akutazame ukiwa umesimama na ukiwa umekaa, maana kanisani utakaa muda mrefu. Akikuta kola inasukumwa, anza na shati. Kazi ya tai ya baba mpe angalau wiki tatu kabla ya siku yenyewe.